Bati la Upande wa Nyuma

Mvua ya kwanza ya Septemba ilimkuta Mwalimu Aglaia bado kitandani, anauguza mafua. Tone la kwanza lilimwangukia shingoni, akadhani ni jasho. La pili likaangukia mto. La tatu hakulisubiri. Aliinuka, akasukuma kitanda mpaka dirishani, akaleta beseni, kisha sufuria, kisha lile bakuli kubwa la kukandia unga wa mikate ya mboga. Kufikia mchana vyombo vilikuwa vimemwishia jikoni na dari ya chumba ilikuwa imefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane. Nusu ya watu wa Mesolaka aliwafundisha kusoma yeye, na nusu nyingine aliwafundishia watoto. Shule ilipofungwa kwa kukosa wanafunzi, watu walimfanya mwenyekiti wa chama cha utamaduni, naye akakishika chama kama alivyokuwa akilishika darasa. Mesolaka ni kijiji cha mapaa ya mawe: mawe bapa ya kijivu, yaliyopangwa moja juu ya jingine bila msumari. Sheria inasema yabaki hivyo, na aliyehakikisha kwamba sheria inafuatwa, kwa miaka kumi na minne, ni Mwalimu Aglaia.

Akamwita Petrit. Petrit alivuka mpaka kutoka Albania akiwa kijana, akaoa hukohuko kijijini, na sasa hakuna ukuta wa Mesolaka usio na alama ya nyundo yake. Alipanda ngazi, akakaa juu muda mrefu kuliko alivyopenda Mwalimu, akashuka akijifuta mikono kwenye suruali.

"Mbele pako sawa, Mwalimu. Mawe kama ishirini yamepasuka, nabadilisha. Nyuma ndiko kwenye kasheshe. Boriti zimeoza. Nimechoma bisibisi, imezama mpaka mpini."

"Basi badilisha boriti."

"Boriti hazibadilishwi mawe yakiwa juu. Upande ule peke yake una tani kumi. Nayashusha yote, natoa kenchi zote, hizi mbao zinazobeba paa, naleta mbao ngumu za huku kwetu, za mti wa chestanati, nene hivi." Alionyesha kwa mikono miwili. "Na mawe nikiyashusha, nusu yatavunjika. Yameshachoka."

"Tutanunua mengine."

"Mapya yapo. Yanakatwa kwa mashine huko mbali, yamenyooka kama sahani za hotelini, na yana ukijani. Ukiyaweka na ya zamani utaona kiraka. Ya zamani, ya nyumba zilizoanguka, hayo ndiyo mazuri, lakini wenye nyumba za wageni wanayagombania, wanalipa bei wanayotaka wao." Akataja bei. Mwalimu akakaa kwenye benchi la uani kana kwamba alikuwa amepanga kukaa.

"Vigae je? Vya udongo?"

"Vigae vyekundu? Wewe, Mwalimu?"

"Nauliza tu."

"Uzito unapungua nusu, lakini kenchi bado lazima zibadilishwe. Na vitaonekana mpaka bonde la pili."

Kuku wa jirani walikuwa wakikwaruza ng'ambo ya ukuta. Mwalimu akachezea kifungo cha sweta yake.

"Na kitu chepesi?"

"Bati?"

"Sikusema bati."

"Kitu chepesi ni bati, Mwalimu. Hakuna chepesi kingine. Naimarisha kenchi hizihizi kwa mbao pembeni, napiga papi, vijiti vyembamba vya kushikia bati, naweka ubao wa kuzuia baridi, nalaza bati juu. Siku tano, chumba kikavu."

Mwalimu aliitazama ardhi. Petrit naye akaona afadhali aitazame ngazi yake, maana wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Thimios, mfugaji wa kondoo, ambaye nyumba yake iko nyuma ya ile ya Mwalimu, juu kidogo mlimani. Miaka sita iliyopita paa la Thimios nalo lilioza. Alishusha mawe ya baba yake, akaezeka bati, kwa sababu ndilo aliloliweza. Agosti hiyo, kijiji kikiwa kimejaa watu waliorudi likizo kutoka Athene na Ujerumani, Mwalimu Aglaia alisimama kwenye mkutano wa chama, mbele ya mkahawa, akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Bati ni la banda la mbuzi. Anayetaka kuishi bandani, mlima ni mkubwa." Watu walicheka sana. Thimios alikuwa ameketi mstari wa tatu, na mkewe Lambrini pembeni yake. Naye alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Wiki iliyofuata Mwalimu aliandika barua kwenye ofisi ya ujenzi mjini, kwa mwandiko wake mzuri, akaweka na picha. Kabla ya majira ya baridi Thimios alikuwa ameamriwa kuling'oa bati.

Mwalimu hakuwahi kuliona kuwa kosa. Aliliona kuwa kazi. Lakini sasa, akiwa amekaa kwenye benchi na bei ya mawe masikioni, alisikia joto likimpanda kutoka kifuani mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Jioni alimpigia simu mwanawe Orestis, aliyekuwa akifanya kazi Stuttgart.

"Mama, weka bati," Orestis alisema. "Shida iko wapi?"

"Unajua shida iko wapi."

"Basi nitakutumia pesa za mawe ya upande mmoja, mwakani. Mwaka huu nina ada za watoto."

"Mwakani nitakuwa naogelea."

Alfajiri ya siku ya pili mvua ilirudi, na kipande cha dari kikadondoka juu ya kabati. Mwalimu alivaa koti, akaenda mpaka kwa Petrit, akamkuta anakunywa kahawa.

"Mbele weka mawe," alisema akiwa bado mlangoni. "Nyuma weka bati. La kijivu, lisilong'aa. Nani anapita nyuma?"

"Hakuna anayepita," Petrit alisema. "Ila Thimios anaona. Dirisha la jikoni kwao linatazama palepale."

"Thimios si mtu wa kuandika barua."

Neno lilishatoka. Mke wa Petrit, aliyekuwa anaosha vikombe, alifunga bomba la maji. Mwalimu alisikia alichokisema, akakisikia kama kimesemwa na mtu mwingine, mtu asiyempenda. Akaaga haraka, akateleza kwenye ngazi za mawe, akajikuta anatembea upande usio wa nyumbani kwake.

Lori la mabati lilifika limefunikwa turubai, kama alivyoagiza. Petrit na mwenzake walianza kazi upande wa nyuma. Mawe yalishuka moja moja, yakapangwa kando ya ukuta, mengi yakiwa vipande. Siku ya tatu, bati la kwanza lilipolazwa, Lambrini alitokea ng'ambo ya ukuta na kapu la mayai mkononi.

"Hujambo, Mwalimu? Ni bati hilo?"

"Sijambo, Lambrini. La chini tu hilo." Mwalimu hakujua sentensi ilitoka wapi. Ilikuja yenyewe, imenyooka, na viambishi vyake vyote. "La kuzuia maji. Mawe yanakuja juu yake. Nayasubiri."

"Ah. Yatachelewa?"

"Wiki mbili hivi. Mawe mazuri siku hizi ni taabu kupata."

"Ni taabu kweli," Lambrini alisema. Alisimama kidogo, akampa mayai manne juu ya ukuta, akaenda zake.

Mwalimu aliingia jikoni, akayaweka mayai mezani. Miaka thelathini na mitano aliwasimamisha watoto pembeni ya ubao kwa uongo mdogo kuliko ule. Siku hiyo hakuyapika. Wala siku ya pili.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, gari la mizigo la Thimios lilishuka njia likikohoa, likasimama mbele ya lango. Nyuma lilikuwa limeinama kwa uzito. Thimios alishuka, mtu mpana, mwenye sharubu zilizoanza kuwa nyeupe, kofia mkononi kama zamani alipokuwa akiitwa mbele ya darasa.

"Shikamoo, Mwalimu. Lambrini ameniambia unasubiri mawe. Nimekuletea. Ni ya baba, yale yaliyobaki nilipoezeka upya. Yalikuwa nyuma ya zizi, yanaota kuvu tu."

Aliangusha ubao wa nyuma wa gari. Mawe yalikuwa mazuri, mapana, yamezeeka vizuri, ya rangi ileile ya mlima.

Petrit, aliyekuwa juu ya paa na misumari mdomoni, aliacha kupiga nyundo. Mwalimu alifungua mdomo aseme asante. Aliiona njia yote ya uongo ule ikimfungukia mbele: angeyapokea, angeyapanga ukutani, angesema yanasubiri mwezi ujao, mwezi ujao angesema yanasubiri kiangazi. Akashika lango.

"Thimios, hakuna mawe yanayokuja."

Thimios aliegemea gari.

"Nilimdanganya mkeo. Nyuma nimeweka bati, na litabaki bati. Kenchi haziwezi kubeba mawe na mimi siwezi kununua kenchi nyingine. Ndivyo ilivyo."

"Najua," Thimios alisema.

"Unajua?"

"Nimeziona papi alizopiga Petrit. Papi za bati zile. Ukiweka mawe pale, yatakufikia kitandani." Alimtazama Petrit juu, na Petrit akageuza uso kutazama mlima. "Nimejua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini umebeba mzigo wote huu?"

Thimios aliizungusha kofia. "Sitakuficha, Mwalimu. Nilitaka nikuone utasemaje. Nimeyapakia tangu alfajiri, mgongo unaniuma, na njia nzima nilikuwa najiambia, leo nitafurahi." Akatikisa kichwa. "Hata sijafurahi. Umekuwa mweupe kama jibini. Kaa chini, Mwalimu, utaanguka."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Thimios akabaki amesimama, maana hakukaribishwa kukaa.

"Nisamehe," Mwalimu alisema. "Kwa maneno ya mkutanoni. Na barua."

"Ya mkutanoni yalipita. Watu hucheka, wanasahau." Thimios alivaa kofia. "Barua ndiyo... Barua nenda kazungumze na Lambrini. Mimi sina cha kusema juu ya hiyo." Kisha akaanza kushusha mawe.

"Thimios, chukua mawe yako."

"Nitayarudisha vipi? Gari halipandi nayo mlima, hata kushuka nimeshuka nayo kwa miujiza. Petrit! Si ulisema mbele yamepasuka ishirini? Haya hapa arobaini. Shuka utusaidie, acha kujifanya husikii!"

Petrit alishuka. Wanaume wawili wakayapanga mawe chini ya mzabibu. Mwalimu akawapelekea kahawa.

Hakwenda kwa Lambrini siku ile. Alijiambia ana mafua bado. Kesho yake akajiambia Lambrini atakuwa anakamua. Jumapili, baada ya ibada, aliamua aanze na lililokuwa jepesi, au alilodhani kuwa jepesi. Watu walikuwa wamekaa nje ya mkahawa kama kawaida, wazee na vikombe vyao. Akasimama palepale aliposimama Agosti ile.

"Nina jambo la kusema," alianza. "Nyumba yangu, upande wa nyuma, nimeezeka bati. Sheria inakataza, na mimi ndiye niliyewakataza wengine. Najiuzulu uenyekiti. Na watu wa ofisi ya ujenzi nitawaandikia mwenyewe."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kuzomewa. Badala yake mzee Sotiris, mwenye mkahawa, alikuna kidevu.

"Mwalimu, tunajua. Lori lilipita hapa."

"Lilikuwa limefunikwa."

"Limefunikwa, ndiyo. Lakini bati likipita kwenye mawe ya barabara linapiga kelele kama bendi ya harusi. Tulitoka wote kutazama."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine wawili, bila ubaya mwingi. Mama mmoja akamvutia kiti. Mwalimu alitamani wangemtukana. Wiki nzima alikuwa amejificha mbele ya watu waliokuwa wakimwona, na hakuna aliyemwambia, kwa kumheshimu au kwa kumwogopa, na hakujua lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Kiti hakukikalia. Alipanda njia ya juu moja kwa moja, kabla moyo haujabadilika, akabisha kwa Lambrini.

Lambrini alifungua na kisu cha jikoni mkononi. Hakumkaribisha ndani. Alisimama kizingitini.

"Nimekuja kwa ajili ya ile barua," Mwalimu alisema. "Thimios kasema niongee na wewe. Sijui yote, ila nataka nijue."

"Hujui?"

"Sijui, Lambrini."

Lambrini alimtazama kama mtu anayepima kama ni kweli. "Bati walituamuru tuling'oe Novemba. Mawe yalikuwa chini, mafundi wote wana kazi. Tukakaa chini ya turubai mpaka Machi. Unakumbuka mama yangu alikuwa kitandani?"

"Nakumbuka. Alikwenda kwa binti wa dada yako, mjini."

"Hakwenda. Tulimpeleka. Chumba chake kilikuwa na barafu kwenye glasi ya maji. Alilia njia nzima ndani ya gari, anamwambia Thimios, nirudishe, nitavumilia baridi. Alizaliwa katika chumba kile. Januari akafa ghorofa ya nne, anatazama ukuta wa watu." Sauti yake haikupanda. "Ukaja mazikoni. Ukaleta shada la maua, lina utepe wa chama. Ulinishika mkono ukasema, mama yako alikuwa hazina ya kijiji."

Mwalimu alilikumbuka shada. Alilichagua mwenyewe, akabishana na muuza maua juu ya rangi ya utepe.

Miaka yote maneno yalimjia kwa foleni, yamevaa vizuri, na sasa hapakuwa na hata moja. Alisema tu, "Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

"Ndiyo. Ungeuliza."

Ndani chungu kilikuwa kinachemka. Kisha Lambrini akasema, "Nina maharage jikoni," akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Mwalimu akaona afadhali angeubamiza.

Petrit alimaliza Alhamisi. Mbele mawe ya baba yake Thimios yalikaa kana kwamba yamekuwa pale siku zote; nyuma, bati la kijivu. Barua ya ofisini Mwalimu aliiandika kwa mwandiko uleule mzuri, akaweka na picha, safari hii ya nyumba yake. Wakamjibu kwamba mtu atakuja kukagua majira ya kuchipua. Uenyekiti aliuchukua bwana mmoja wa nyumba ya wageni, ambaye mikutano yake haizidi robo saa.

Chumba kilikuwa kikavu. Hilo hakuweza kulikana. Lakini hakuwa ameijua mvua ya bati. Chini ya mawe mvua haisikiki kabisa; chini ya bati ilikuwa kama watu mia wanamwaga mbaazi juu ya kichwa chake. Kila iliponyesha aliketi jikoni, akakumbuka mama mzee ndani ya gari. Kule juu mlimani, kwenye dirisha la jikoni kwa Thimios, taa ilikuwa inawaka, na alijua anayekaa pale akiinua macho anaona nini. Alipopishana na Lambrini njiani walisalimiana. "Hujambo." "Sijambo." Basi.

Ikawa hivyo Oktoba, Novemba, Desemba. Alikwenda kaburini kwa mama yake Lambrini mara mbili, bila maua, akapangusa majani juu ya jiwe, akarudi. Hakumwambia mtu. Sotiris alimwona, akamwambia Thimios, na Thimios bila shaka alimwambia mkewe, ingawa Lambrini hakuligusa jambo hilo.

Mwishoni mwa Januari mvua ya mawe ilishuka mchana kutwa. Ilipopungua, Mwalimu alitoka kuokota matawi yaliyovunjika uani. Lambrini alikuwa ng'ambo ya ukuta, anafukuza kuku waingie bandani. Akasimama, akalitazama bati, kisha akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa na mifuko myeusi chini ya macho.

"Linapiga kelele," Lambrini alisema.

"Linapiga."

"Unalala?"

"Mvua ikinyesha, hapana."

Lambrini alimsukuma kuku wa mwisho kwa mguu. "Petrit hajui. Fundi wa mawe atajua wapi mambo ya bati? Ile miezi tuliyokuwa nalo, tulijaza sufu ya kondoo juu ya dari. Chafu hivyohivyo, usiifue. Ukiifua inalala, haizuii kitu."

"Sufu nitaipata wapi?"

"Thimios ana magunia tisa, hayana mnunuzi." Alifunga banda kwa waya. Mwalimu alisubiri, akidhani ataambiwa yataletwa. Lambrini hakusema hivyo. Alisema, "Njoo uyaombe mwenyewe. Yuko ndani, anakula."

Mwalimu Aglaia aliyaweka matawi chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, akafuata njia ya juu, kwenye tope, polepole, kwa sababu ngazi zilikuwa na barafu. Lambrini alitangulia. Alipofika mlangoni aliingia, na mlango akauacha wazi.